Farasi Mmoja Ana Hosipawa Ngapi?

Farasi mkubwa aliyeshiba na kuzoea kazi, akivuta kwa nguvu zake zote, anaweza kutoa hosipawa karibu 15. Si moja, ni kumi na tano. Najua wapo watakaoirudia sentensi hiyo mara ya pili, maana wengi tumekua tukiamini kuwa hosipawa moja ni nguvu ya farasi mmoja na hesabu imekwisha. Mashine ya boti iliyoandikwa 15 ubavuni, kwa imani hiyo, ni farasi kumi na tano waliofungwa nyuma ya boti.

Wanafunzi wangu hapa Pemba huniuliza jambo hili kila tunapofika kwenye mada ya kazi na nishati, na wanaouliza ni watoto ambao wengi wao hawajamwona farasi kwa macho. Unguja wako wachache wa kupandisha watalii ufukweni. Huku kwetu mtoto anamjua ng'ombe wa gari, anamjua punda, anaijua mashine ya boti. Farasi anamjua kwa jina la kipimo tu. Hata hivyo swali lao ni zuri kuliko wanavyodhani, na jibu lake linawahusu wanyama tulio nao kuliko farasi tusio nao. Ndiyo maana nimelichukulia kalamu kwa urefu.

Kila kiumbe chenye misuli kina nguvu mbili. Ipo nguvu ya kutwa, ile anayoweza kuitoa tangu asubuhi mpaka alasiri, akala, akalala, na kesho akaamka akaitoa tena. Na ipo nguvu ya mkupuo, ya sekunde chache, ambayo ikishatoka lazima ilipiwe kwa mapumziko. Hosipawa ilipimwa kwa ile ya kwanza. Sisi tunaolitazama gari la ng'ombe likipanda kilima tunaiona ya pili, tukadhani tumeiona ya kwanza. Hapo ndipo mnyama anapodhulumiwa.

Tuanze na aliyekiweka kipimo. James Watt, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1736, hakuwa mtu wa kwanza kuunda injini ya mvuke. Ya Thomas Newcomen ilikuwa ikipampu maji Uingereza tangu 1712, lakini ilikuwa na ulafi wa makaa usio na kiasi, kwa sababu kila pigo la pistoni lilitaka silinda ipashwe moto kisha ipozwe. Watt akaona kuwa mvuke unaweza kupozwa katika chombo cha pembeni, silinda yenyewe ikabaki na joto lake. Akapata hataza mwaka 1769, kisha akaungana na Matthew Boulton, mfanyabiashara wa Birmingham, wakaanza kuziuza.

Mapatano yao na wenye migodi yalikuwa hivi: mteja alipe thuluthi ya thamani ya makaa anayookoa, ukilinganisha na mashine ya Newcomen. Kwa mwenye mgodi hesabu hiyo ilikuwa wazi. Lakini vipi mwenye kinu au kiwanda cha bia ambaye hakuwahi kuwa na injini yoyote, ambaye magurudumu yake yanazungushwa na farasi? Huyo haokoi makaa hata kidogo, anaokoa farasi, kwa hiyo anataka kujua jambo moja tu: nikiinunua mashine hii, nitawaondoa farasi wangapi zizini?

Watu wa karafuu hatuna haja ya kuelezwa sana hapo. Frasila ya wazee wetu ilihesabiwa ratili 35, karibu kilo 16, na hakuna aliyekaa kujiuliza kama kuna kitu duniani kilichoumbwa na Mungu chenye uzito wa frasila moja kamili. Yalikuwa makubaliano baina ya muuzaji na mnunuzi ili wasigombane kwenye mizani. Hosipawa ni ndugu yake frasila. Ilizaliwa sokoni, na ukiijua hivyo huipi kazi isiyokuwa yake.

Watt akaenda kwa farasi wa kinu, yule anayezunguka mduara kutwa akiwa amefungwa kwenye mti mrefu. Mduara aliouhesabia ulikuwa na futi 12 kutoka katikati hadi alipo mnyama. Farasi aliuzunguka mara 144 kwa saa, akivuta kwa nguvu ya ratili 180, yaani frasila tano na kitu. Zidisha mwendo kwa mvuto, unapata futi-ratili (futi-ratili moja ni kazi ya kunyanyua ratili moja kwa kimo cha futi moja) elfu thelathini na mbili na ushei kwa kila dakika. Watt na Boulton wakaikamilisha kuwa 33,000, na hiyo ndiyo hosipawa mpaka leo. Kwa vipimo tunavyosomesha skuli ni wati 746, sawa na kunyanyua kilo 76 kwa kimo cha mita moja kila sekunde, bila kusimama.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kunyanyua kilo 76 mara moja, kijana yeyote wa bandarini anaweza. Mtihani ni sekunde inayofuata, na inayoifuata hiyo, mpaka adhana ya alasiri.

Watt hakuwa peke yake katika kuhesabu. Kabla yake John Desaguliers alimpa farasi futi-ratili 44,000 kwa dakika, na John Smeaton, mhandisi aliyeheshimika sana, akampa chini ya 23,000. Watu wawili wenye akili zao, na mmoja amempa farasi karibu mara mbili ya mwenzake! Sioni ajabu. Mwambie mwenye gari akutajie nguvu ya ng'ombe wake, naye lazima akuulize: ng'ombe yupi, njia ipi, kwa muda gani? Bila masuala hayo matatu namba haina maana. Watt aliyajibu yote matatu kwa kumchagua farasi wa kinu, kwenye mduara, kwa siku ya kazi.

Mduara huo wa Watt, Zanzibar tuliujua vizuri kwa mnyama mwingine. Ndani ya Mji Mkongwe zilikuwapo nyumba za kukamulia mafuta ya ufuta na nazi, na kinu kilizungushwa na ngamia aliyefungwa kitambaa machoni, akizunguka mlemle chumbani. Laiti Watt angezaliwa mtaa wa Malindi, hapo Mji Mkongwe, badala ya Greenock ya Uskoti, leo mashine za boti zingeandikwa idadi ya ngamia.

Hata ile biashara ya kuwatoa wanyama na kuingiza mvuke ilifika hapa. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga reli ndogo ya kwenda kwenye kasri lake la Chukwani, na mabehewa yake mwanzoni yalikokotwa na nyumbu. Baada ya muda mfupi akaagiza kichwa cha treni cha mvuke kutoka kwa kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Nyumbu wakafunguliwa, makaa yakaingia. Hiyo ni miaka mingi kabla ya reli ya Bububu ya 1905, ambayo ndiyo watu wanayoikumbuka. Farasi nao walikuwako, lakini wa heshima: mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Sultana, ilipofika New York chini ya Ahmad bin Na'aman, miongoni mwa zawadi alizopelekewa Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Mizigo ya mji wa Zanzibar haikubebwa na farasi. Ilibebwa na punda, na zaidi ya punda, ilibebwa na watu.

Nitarudi kwa watu. Kwanza tumalize shauri la Watt, maana wako wanaomtuhumu kuwa alimzidishia farasi makusudi. Kanuni ya wafugaji ni kuwa mnyama wa kazi avute kwa mvuto usiozidi sana sehemu moja ya kumi ya uzito wake kama unataka afanye kazi kutwa. Chukua farasi wa kilo 600: mvuto wa kilo 60, mwendo wa mita 1.1 kwa sekunde, unapata wati 650 hivi, yaani hosipawa 0.87. Kwa hiyo farasi mkubwa anaikaribia hosipawa, na farasi mdogo haifikii. Watt alimpa farasi wake mvuto wa kilo 82, ambao ni mzito. Mimi namtetea. Muuzaji aliyekipima kipimo chake kwa farasi hodari alijifunga mwenyewe: mashine yake ya hosipawa kumi isingeweza kushindwa na farasi kumi wa mteja. Angempima farasi dhaifu angepata namba kubwa za kutangazia. Na lipo jambo ambalo namba haikulionyesha kabisa: injini haichoki. Farasi anafanya kazi saa nane, anataka kupumzika saa kumi na sita. Mwenye kazi ya usiku na mchana alihitaji farasi watatu, wakipokezana zamu, kwa kila hosipawa moja ya mashine.

Sasa zile kumi na tano.

Huko Marekani yapo mashindano ya kukokota ambapo farasi wakubwa hufungwa kwenye mtambo unaopima mvuto wao. Takwimu za mashindano ya maonyesho ya jimbo la Iowa mwaka 1925 zilihifadhiwa, na mwaka 1993 wanasayansi wawili, Stevenson na Wassersug, walizirudia wakaandika barua fupi katika jarida la Nature. Hesabu yao ilionyesha kuwa farasi alifika hosipawa 14.9. Kwa sekunde chache tu. Wakauliza pia, kwa kutazama mwili wenyewe, mpaka uko wapi? Farasi wa kilo 600 ana misuli ya kwendea yapata thuluthi ya mwili wake, tuseme kilo 180. Kilo moja ya msuli inaweza kutoa wati 100 ikikazwa hasa. Zidisha: wati 18,000, hosipawa 24. Basi 15 si ndoto, na wala si ukingo.

Na wanasayansi haohao walikubali kuwa kwa kazi ya siku nzima hosipawa moja kwa farasi ni kadirio la haki. Namba mbili, 1 na 15, ni za mnyama mmoja. Tofauti iko kwenye saa.

Sababu yake iko ndani ya msuli, na napenda wanafunzi waijue kwa sababu ni yao pia. Msuli una akiba ndogo ya nishati iliyo tayari, inayotosha sekunde chache. Ikiisha, msuli huvunja sukari bila kungoja hewa, na huo ndio moto wa dakika moja au mbili unaoacha mapaja yakiwaka. Baada ya hapo hakuna njia isipokuwa ile ya oksijeni, ambayo inakwenda polepole kama pumzi na damu zinavyoiruhusu. Nguvu ya kutwa ni ya mapafu na moyo. Nguvu ya mkupuo ni ya akiba.

Farasi katika mambo hayo ameumbwa kwa namna ya kumfanya mtu amshukuru Muumba. Moyo wake ukiwa umetulia unapiga mara 30 hadi 40 kwa dakika. Akikimbia kwa kasi yake yote unapita 200. Na wengu lake ni ghala: limejaa chembe nyekundu za damu zilizowekwa kando, na anapoanza kukimbia wengu linajikaza likazimimina zote kwenye mishipa. Damu yake, ambayo wakati wa utulivu chembe hizo ni kama arobaini kwa mia, inapanda ikavuka sitini kwa mia. Ni mnyama anayejiongezea damu mwenyewe anapoihitaji.

Binadamu hatuna ghala la namna hiyo, lakini kanuni ya saa inatuhusu sawasawa. Darasani kwangu hulifundisha hili kwa ngazi. Skuli yetu ina ghorofa moja, na ukipima kimo cha ngazi kwa futikamba, ukamweka mwanafunzi kwenye mizani, ukashika saa, umeshapata kila kitu. Kijana wa kilo 60 anayepanda mita 3.2 kwa sekunde 2.2 ametoa wati 855, hosipawa 1.15. Wanashangilia sana. Msichana mmoja mwembamba, mwepesi wa miguu, aliwapita wavulana wengi, akatembea na sifa hiyo wiki nzima. Kisha nawaambia: haya, sasa pandeni na mshuke mpaka kengele ilie. Hapo kicheko hupungua. Aliyeanza na hosipawa zaidi ya moja anamaliza akivuta mguu. Mtu mzima aliyezoea kazi, kwa siku nzima, hutoa karibu wati 75, yaani hosipawa 0.1. Moja ya kumi.

Hata Usain Bolt yumo. Alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 huko Berlin mwaka 2009, wanafizikia walikokotoa kuwa nguvu yake ilifika kilele cha wati 2,620 hivi, hosipawa 3.5, kabla sekunde moja haijatimia tangu aanze. Kuanzia hapo ilikuwa ikishuka.

Ile moja ya kumi inanigusa kuliko namba zote nilizoziandika hapa. Kwa karne nzima ya kumi na tisa utajiri wa Zanzibar uliingia na kutoka juu ya migongo. Bara, ndorobo, wale nzi waambukizao maradhi, waliwaua ng'ombe na farasi kwenye maeneo mengi ya njia za misafara, basi pembe za ndovu na vitambaa vilibebwa na wapagazi, kila mmoja na mzigo wa ratili 70 hivi. Frasila mbili kichwani au begani, kutoka Bagamoyo mpaka maziwa makuu. Mjini palikuwa na hamali, na wapo hadi leo na magari yao ya mkono, Darajani na bandarini. Ukitaka kuiona hosipawa moja kwa macho yako, watazame hamali kumi wakifanya kazi kutwa. Hiyo ndiyo hosipawa moja. (Unguja ndorobo hao walimalizwa kabisa katika miaka ya 1990, kwa kuachia madume yaliyohasiwa kwa mionzi mpaka majike yakakosa kuzaa. Ni moja ya kazi nzuri kabisa za sayansi zilizowahi kufanywa katika visiwa hivi, na haisemwi inavyostahili.)

Wanyama wetu je? Ng'ombe wa gari wa Pemba, dume la nundu la kilo 350 hivi, kwa kanuni ya moja ya kumi anavuta kilo 35. Mwendo wake ni wa taratibu, mita 0.7 kwa sekunde. Hiyo ni wati 240, hosipawa 0.32. Ng'ombe watatu ndio hosipawa moja ya Watt. Punda wa kilo 130 anavuta kilo 13, anakwenda haraka kidogo kuliko ng'ombe, mita moja kwa sekunde: wati 127, hosipawa 0.17. Punda sita.

Wenye ng'ombe wataniona nawavunjia heshima, na najua watakachoniambia: hukuona mchezo wa ng'ombe? Nimeona, na naupenda. Anayeingia uwanjani zumari likilia, dume likiwa limefungwa kamba ndefu na vijana wakilichezea kwa nguo, anaona nguvu ambayo haifanani hata kidogo na theluthi ya hosipawa. Dume linaruka, linageuka, linaivuta kamba mpaka wanaume wazima wanasombwa. Ni kweli, na ni mkupuo. Litazame baada ya muda: ulimi nje, ubavu unapanda na kushuka, na mchezaji anaweza kulipapasa. Wachezaji hodari wanajua kuusubiri wakati huo.

Na mashine ya boti? Nahodha mmoja wa Wete aliniuliza akiwa ameishika yake ya 15 mkononi, "Mwalimu, nikifunga ya thelathini si nitakwenda mara mbili?" Nikamwambia hapana, baba, na sababu yake ni maji. Boti zito linalopasua maji linadai nguvu inayopanda haraka mno kuliko mwendo: kwa makadirio, mwendo mara mbili unataka nguvu mara nane. Ukiongeza nguvu mara mbili, mwendo unapanda kwa robo hivi. Na propela nayo inapoteza sehemu nzuri ya nguvu kwa kuyakoroga maji. Akatikisa kichwa, akasema ndiyo maana wenzake wenye mashine kubwa wanamwacha kidogo tu lakini petroli wanaimaliza mapema. Alikuwa ameshaijua fizikia hiyo kwa mfuko wake.

Mashine yake ni ya nguvu ya kutwa. Mradi petroli ipo, 15 ni 15 alfajiri na 15 adhuhuri, na hakuna farasi anayeweza hivyo. Farasi mmoja angeifikia namba hiyo kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, na farasi kumi na tano wangeishika kwa siku moja ya kazi.

Nimeyafikisha haya mpaka barabarani, ambako ndiko nilikokuwa nikielekea. Pemba ni vilima. Ami yangu aliendesha gari la ng'ombe umri wake wote, akichukua nazi, magunia ya karafuu, mchanga wa kujengea, na hakuwahi kuingia darasa la fizikia. Alipofika chini ya kilima alisimama. Nusu ya mzigo aliushusha chini ya mwembe, akapanda na nusu, akarudi kuuchukua uliobaki. Katikati ya kilima alisimama tena, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu ili nira isimlemee mnyama, akamwacha avute pumzi mpaka ubavu utulie. Vijana wenye haraka walimpita wakipiga kelele na fimbo. Utotoni mimi nilimwonea haya. Leo natamani kila mwenye gari angefunzwa na mtu kama yeye.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye lami tambarare, gari lenye magurudumu ya mpira linahitaji mvuto wa takriban kilo 2 kwa kila kilo 100 za uzito. Gari na mzigo wake vikiwa tani moja, mvuto ni kilo 20, na dume letu lenye mvuto wa kilo 35 linakwenda bila taabu. Kwenye mchanga mtifutifu mvuto unaweza kuongezeka mara tano, hata mara kumi. Kwenye kilima kinachopanda mita moja kwa kila mita kumi, hata kama ni lami, unaongeza kilo 10 kwa kila kilo 100. Tani ileile moja sasa inataka kilo 120. Dume ambalo kazi yake ya kutwa ni kilo 35 linavuta mara tatu na nusu, na hata likipunguza mwendo mpaka nusu mita kwa sekunde linatoa wati 590, karibu hosipawa 0.8. Kilima cha mita 100 kwa mwendo huo ni zaidi ya dakika tatu. Akiba ya sekunde imekwisha zamani, ya dakika nayo imekwisha, na oksijeni haitoshi. Linafika juu, kwa sababu ng'ombe ana subira na kwa sababu anachapwa, na mwenye gari anajisemea, "Si ameweza?" Kesho anaongeza tofali.

Kuweza kwake ndiko kunakomponza. Kilima kimoja hakimuui. Anayeishiwa nguvu ni ng'ombe wa vilima kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, mpaka mabega yanachubuka na magoti yanavimba, na mwenye mali anasema ng'ombe wa siku hizi hawana nguvu kama wa zamani.

Ukitaka kilima hicho kikae ndani ya nguvu ya kutwa ya dume, wati 240 kwa nusu mita kwa sekunde, mvuto usizidi kilo 49. Hiyo ni gari na mzigo visivyozidi kilo 400. Toa uzito wa gari lenyewe, tuseme kilo 150, unabaki na mifuko mitano ya saruji. Zaidi ya hapo ushushe, au upumzishe katikati kama ami alivyokuwa akifanya, na mapumziko yawe ya dakika za kweli, maana msuli uliomaliza akiba haujazwi kwa kusimama mara moja na kuondoka.

Kwa punda hesabu ni kali zaidi, na ndiye anayebebeshwa kwa kuonewa zaidi kwa sababu halalamiki. Kilima kilekile, mwendo uleule, kilo 130 za mwili: gari na mzigo pamoja visizidi kilo 200 na kidogo. Gari dogo la punda likiwa kilo 100, mzigo ni mifuko miwili ya saruji. Mimi nimewaona wakipandishwa na minane. Minane ni kilo 400, na gari ni 500, na mvuto wake ni kilo 60, kwa mnyama ambaye nguvu yake ya kutwa ni kilo 13.